Wasomaji Wauliza: Kuhakiki Toleo Moja la Katuni ya Mashujaa

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi na wenzangu wanne hapa Majengo, Mombasa, hukutana barazani kila Jumamosi jioni kusoma matoleo ya zamani ya X-Men, katuni ya Kimarekani ya kundi la mashujaa wenye uwezo wa ajabu, na tumekubaliana kwamba kila mmoja ahakiki toleo moja. Kila ninachoandika huishia kuwa muhtasari, hata mwenzangu mmoja amelalamika kwamba nimemsimulia vita vyote mpaka haoni sababu ya kukisoma kitabu. Nifanyeje? Na je, ni haki kumlaumu mwandishi wa toleo moja kwa mambo yaliyoanza nyuma yake?

JIBU: Wa aleikum salaam. Mwenzako hakukosea, na dawa yake ni kubadilisha swali unalojiuliza unaposoma: badala ya kuuliza nini kimetokea, uliza kurasa zimegawanywa vipi. Katika katuni ya kundi kurasa ni zile zile chache, ilhali wanaozigombania ni saba au wanane, na mwandishi dhaifu hutambulikana upesi kwa sababu humpa kila shujaa sentensi yake na pigo lake, mfano wa sinia la pilau linalopitishwa harusini ili kila mgeni aonje, mpaka mwisho hapana aliyeshiba.

Chukua toleo la 132 la X-Men, la Aprili 1980, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na John Byrne. Mashujaa wanaingia katika jumba la matajiri waovu huko New York na kuzidiwa nguvu, naye mmoja wao, Wolverine, anaporomoka sakafu baada ya sakafu mpaka anatoweka. Picha ya mwisho inamwonyesha ndani ya mtaro wa maji machafu, amelowa, akiinua uso kutazama alikotoka. Muhtasari ungesema kwamba amenusurika, basi. Mhakiki angeona kwamba wenzake wamefungwa kwanza kwa makusudi, ili ukurasa wa mwisho ubaki mikononi mwa mmoja tu, na kwamba weusi wa mtaro ule haukutoka kwa Byrne peke yake bali pia kwa Terry Austin, aliyetia wino juu ya michoro yake ya penseli. Watu hawa wa nyuma ya pazia, yaani mtia wino, mtia rangi na mwandika herufi, wataje kila kazi yao inapoonekana. Wala usimwogope mwandishi: Claremont, kwa mfano, ni mwandishi ninayempenda lakini ana maneno mengi mno, na mara nyingi huandika juu ya picha jambo ambalo picha yenyewe imekwisha kulisema. Ukiliona hilo, liandike bila kumwonea haya.

Jambo jingine ambalo nyinyi wa Mombasa mna haki ya kulisema kuliko wahakiki wengi ni habari ya Storm, shujaa wa kike wa kundi hilo mwenye uwezo wa kuamuru hali ya hewa. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975, katika toleo kubwa la pekee la Len Wein na Dave Cockrum lililolifufua kundi hilo baada ya miaka mitano ya kuchapishwa upya hadithi za zamani, na humo tunamkuta Kenya akiabudiwa na wanakijiji kama mungu mke anayewaletea mvua. Kenya ilikuwa huru tangu 1963, na bandari yetu ilikuwa ikipokea meli kwa karne nyingi, lakini mchoro ule hauna hata dalili ya mji. Semeni hivyo waziwazi, bila kusahau kwamba mwaka uliofuata, katika toleo la 102, Claremont alimpa utoto wa Cairo, wazazi waliouawa nyumba ilipowaporomokea, na hofu ya mahali pa kubana iliyotokana na kufukiwa humo.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Toleo lihukumiwe kwa kile linachofanya na mzigo liliourithi, na kabla ya kumlaumu mtu tafuta kwanza nani aliamua. Kifo cha Jean Grey, shujaa mwingine wa kundi hilo, katika toleo la 137 hakikuwa mpango wa kwanza wa Claremont na Byrne: wao walitaka aishi akiwa amepokonywa uwezo wake, lakini mhariri mkuu Jim Shooter alikataa, akisema kwamba mtu aliyeangamiza sayari yenye mabilioni ya watu, kama alivyofanya Jean katika toleo la 135, hawezi kuachwa hivi hivi. Mimi naona Shooter aliwasaidia, ingawa wapo watakaobisha.

SWALI: Kwa nini mwezi ulioandikwa kwenye jalada si ule ambao katuni ilitoka? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Zamani tarehe hiyo ilimwonyesha muuza magazeti wakati wa kuliondoa toleo mezani, kwa hiyo iliwekwa miezi miwili au zaidi mbele. Katika uhakiki andika ile ya jalada, kwani ndiyo wasomaji wenzako watakayoitumia kulitafuta toleo.