Swali la lugha: Mafuta ya karafuu ni "muhimu" kwa nani?

SWALI: Naandika makala kuhusu afya ya kinywa. Sentensi yangu ilikuwa: "Mafuta muhimu ya karafuu ni kiuavijasumu cha asili cha mdomo." Mhariri amekata "muhimu" na "kiuavijasumu" bila maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, ila angekueleza.

"Mafuta muhimu" ni tafsiri sisisi. Neno la Kiingereza lililo nyuma yake, "essential", lina maana mbili, kitu cha lazima na kitu cha kiini, na aliyetafsiri akaokota ile isiyohusika. Wataalamu wa kale wa Ulaya waliamini kwamba ukiukeneka mmea unapata kiini chake, ndicho kinachonukia. Hawakuwa wakizungumzia mahitaji ya mwili. Wanaozungumzia hayo ni watu wa lishe, wenye asidi muhimu za mafuta, na huko "muhimu" imekaa mahali pake: mwili hauwezi kuzitengeneza, sharti ziliwe. Sasa msomaji akikuta "mafuta muhimu ya karafuu", kwa nini asidhani nayo ni ya kunywa? Mtoto akiyameza, hata kidogo tu, yanaweza kumharibu ini.

Hata hilo neno "mafuta" lina utata wake. Dondosha kwenye karatasi tone la mafuta ya kupikia, na kando yake tone la mafuta ya mkaratusi. La kwanza litaacha doa. La pili litapaa hewani lote au karibu lote. Ndiyo maana kwa kundi zima napendelea "mafuta ya kunukia". Lakini ukishataja mmea, hakuna haja ya kivumishi: mafuta ya karafuu, mafuta ya mnanaa, basi.

"Kiuavijasumu" ni jina la dawa kama penisilini. Ni kweli kwamba yujenoli, kemikali iliyomo kwenye karafuu, hutoboa utando wa seli za bakteria, na thaimoli, kemikali nyingine ya mimea ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusukutulia, hufanya vivyo hivyo. Dawa hizo hupunguza ukoga na uvimbe wa fizi zikitumiwa pamoja na mswaki. Jipu la jino ni habari nyingine, na mwenye nalo akisoma "kiuavijasumu cha asili" ataahirisha kwenda kwa daktari. Andika tu kwamba yanazuia vijidudu. "Cha asili" nayo ningeiondoa, maana wengi huisoma kama "salama".

Mhariri ameacha "mdomo", na katika mazungumzo haina ubaya. Kwenye makala ya afya, mdomo ni ule unaopakwa rangi. Palipo na meno, ulimi na fizi ni kinywa.

Ningeiandika hivi: "Mafuta ya karafuu yana yujenoli, kemikali inayozuia vijidudu vya kinywani."