Mjusi wa kizingitini

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu,

Umemkuta mjusi amekakamaa kwa baridi kwenye kizingiti chako huko Njombe, ukaniuliza: "Mama, ingekuwaje na sisi tungekuwa na damu baridi?" Nimezunguka na swali lako siku mbili, hata sokoni Tandika nilikuwa nalo.

Kwanza, damu ya mjusi si baridi saa zote. Hufuata joto la mahali alipo. Huyu wa ukutani kwetu, akishaota jua mpaka saa nne, mwili wake hukaribia joto letu la nyuzi 37. Yeye joto anaazima, sisi tunajipikia wenyewe, na kuni zetu ni chakula. Mjusi hutumia kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu anayotumia mnyama wa damu moto mwenye uzito uleule. Mamba hukaa miezi bila kula. Kiroba cha sembe cha kilo 25, kinachotuishia kwa mwezi, kingetufikisha karibu mwaka. Unakumbuka nilivyokuwa nagawanya mshahara kati ya unga na ada zenu.

Ila nisingeweza kutoka saa kumi usiku kuwahi zamu wodini. Hapa Dar labda tungejikongoja, maana hata usiku kuna joto. Ndiyo maana mjusi kafiri anawinda wadudu kwenye taa ya baraza saa tatu usiku. Lakini Njombe au Makete mwezi wa Julai? Watu wangelala kama magogo mpaka jua lipande. Sidhani kama kuna mtu angehamia huko.

Linalonigusa zaidi ni jingine. Wewe ulizaliwa njiti, gramu 1,600, na mashine ya joto ilikuwa na mtoto mwingine. Kipimajoto kilisoma 35.4. Mimi mkunga, nilijua maana yake. Nilikuwa nimesikia habari za madaktari wa Bogotá, Kolombia, walioanza mwaka 1978 kuwaweka njiti kifuani mwa mama zao. Nikakuvua nguo, nikakuacha na nepi na kofia, nikakufunga kwa kanga kifuani, ngozi kwa ngozi. Miguu yako ilikuwa baridi kama samaki wa barafuni. Baada ya saa mbili ukasoma 36.6, ukaanza kutafuta ziwa.

Mjusi hana joto la kumpa mwanawe. Hutaga mayai ufani, akaenda zake. Na sisi tungekuwa hivyo, usiku ule ningekukumbatia na usingepata kitu kwangu.

Nilipoishiwa nguvu, baba yako alivua shati akakupokea. Alikaa nawe kifuani mpaka adhana ya alfajiri, hata maji hakunywa kwa kuogopa kukutikisa.

Mjusi wako usimfagie. Mchukue kwa karatasi, umweke jua linapopiga. Ataamka.

Mama yako