Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Juzi dada mmoja, afisa mikopo kama nilivyokuwa mimi, kaniandikia: "Dada, mshahara unaingia, lakini Jumapili jioni tumbo linanikata nikikumbuka kesho kazini. Niache?" Jibu lake haliishi kwenye mistari miwili.

Nilikuwa kwenye taasisi moja ya mikopo midogo hapa Dar, eneo langu Mbagala mpaka Chamazi, vikundi vya kina mama wanaodhaminiana mikopo. Kutoa mkopo raha, kila mtu anakuita mwanangu. Kasheshe ni marejesho. Siku moja tulikwenda kwa mama fundi cherehani aliyekwama kwa sababu mwanawe kalazwa. Wanakikundi wenzake ndio waliobeba vitu, mimi nimeshika daftari: cherehani moja, meza, feni. Sketi ya sare ya shule ilikuwa bado imebanwa chini ya sindano. Akaomba amalizie mshono tu, ya mteja. Meneja kwenye simu akasema hapana.

Usiku huo huo meneja akanipongeza kwenye grupu la WhatsApp kwa kufikisha lengo! Nafasi ya usimamizi ilipotoka, akapewa kijana niliyemfundisha mwenyewe kujaza fomu. Linaniuma mpaka leo, sifichi. Ila hata ningepewa mimi, ningekuwa natuma wengine wakabebe cherehani za watu.

Basi jiulize hivi: wakikuongezea mshahara na kukubadilishia bosi, utabaki? Kama ndiyo, kazi yako haina shida, omba uhamisho au dai haki yako. Kama hapana, tafuta nyingine ukiwa bado ndani. Shangazi yangu alinikumbusha kila siku, usiache mbachao kwa msala upitao. Nikatafuta kimyakimya, sasa natunza hesabu kwa muuza vipuri Kariakoo. Mshahara ulipungua kidogo, lakini nalala, na vitabu vyangu vya hesabu havina doa.

Jamani, tuache kususa kazi kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku zisizopungua 28, akishapita mwezi wa kwanza. Ukigoma kufanya kazi kipindi hicho, mwajiri anaruhusiwa kukukata kwenye malipo yako ya mwisho. Na wengi wanategemea lile fao la NSSF la kukosa ajira. Halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake! Kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi nacho ni cha aliyeachishwa na mwajiri, tena kwa masharti. Ukiondoka mwenyewe, mfuko wako ndio unaokubeba, kwa hiyo weka akiba leo, si mwezi ujao.

Wewe dada, kama una mkopo wa wafanyakazi, omba salio lako kwa maandishi kabla hujamwambia mtu yeyote hapo ofisini. Dai na cheti cha utumishi siku ya mwisho. Mimi changu nilikifuata mara kadhaa, wananiambia bosi katoka.