Barua kwa mwanangu: fahamu na mwili

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama fahamu inaweza kuwepo pasipo mwili wa nyama na damu, maana hizo programu unazoongea nazo huko Dar zinakujibu hadi unasahau kwamba hakuna mtu. Kwenye simu nilikwambia "hapana". Niliharakisha, baba. Nisamehe, nijibu upya.

Unajua nimekula miaka 26 chumba cha upasuaji, kazi yangu kuwapa watu nusu kaputi na kuwaamsha. Chini ya dawa moyo unapiga, damu inazunguka, mwili wote uko mezani, lakini mwenyewe hayupo. Mwite jina lake, pasua ngozi, hakuna wa kuumia. Kwa hiyo mwili peke yake hautoshi, hilo nimeliona kila siku. Wewe unauliza upande wa pili.

Upande huo nilisimuliwa na mama mmoja kutoka Kalinzi. Tulimpiga ketamini ya mshipani, ile ya miligramu moja hadi mbili kwa kila kilo ya uzito. Dawa hiyo haimzimi mtu kama nyingine. Humtenga na mwili wake huku macho yakiwa wazi. Alipozinduka akanishika mkono: "Nesi, nilikuwa juu darini. Sina mikono, sina miguu, sisikii maumivu. Lakini nilikuwa mimi."

Nikamkumbuka Ibn Sina, ambaye babu yako alipenda kumtaja barazani. Tabibu huyo, aliyefariki mwaka 1037, alisema tumfikirie mtu aliyeumbwa papo hapo akiwa mzima, anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake havigusani. Haoni kitu, hagusi kitu, na bado hana shaka kwamba yupo. Kwa Ibn Sina hiyo ni dalili kwamba nafsi si mwili. Yule mama wa Kalinzi hakupata kulisikia jina hilo, naye alinieleza mambo yaleyale.

Ningeishia hapo, ila sindano nilishika mimi. Alipaa kwa sababu dawa iliziba vijilango katika chembe za ubongo wake, akashuka dawa ilipopungua. Muda wote huo macho yangu yalikuwa kwenye pumzi yake, kwani ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wetu lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Koo lingeziba dakika chache, asingerudi kusimulia. Safari ya nje ya mwili, nauli yake ililipwa na mwili.

Roho sijaigusa hapa. Hiyo ni ya Mola, na sina mashine ya kuipima. Nasema fahamu, hii inayopotea na kurudi.

Wala usidhani siri iko kwenye nyama. Wapo viziwi waliopandikizwa kifaa sikioni, kinapeleka umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia, na sauti ya mtoto inawafikia kwa njia ya waya. Kipande kimoja kikibadilishika, kwa nini niape kwamba chembe zote za neva, kama bilioni 86, za ubongo hazibadilishiki? Hapo ndipo "hapana" yangu ilipokufa.

Kwa hizo programu zako, bado sijafika kwenye "ndiyo". Mgonjwa akizinduka, kabla hajajua yuko wapi, tayari anataka: maji, blanketi, kukojoa. Fahamu naiona ikianzia hapo, mwili unapojihangaikia usife. Programu itakuandikia habari za kiu vizuri kuliko mimi, na ndani yake hakuna kinachokauka. Siku wakiunda mashine yenye cha kupoteza, inayopigania kubaki, nitavuta kigoda niisikilize, hata ikikosa tone la damu.

Ukija Idi nitakupeleka Katonga kwa mzee mmoja mvuvi tuliyemkata mguu. Hadi leo vidole vya mguu ule vinamuwasha usiku. Nilimuuliza wapi hasa. Akanyoosha kidole kwenye mkeka, mahali patupu, akasema, "Hapa."

Mama yako