Pilipili mwitu usiilee kama hoho, mimi nishakosea

Jamani kama umepata mbegu za pilipili mwitu usifanye nilichofanya mimi. Nilipanda mbegu za chiltepin, ile pilipili mwitu ya Meksiko na kusini mwa Marekani, trei moja na hoho, hoho zikatoka ndani ya wiki mbili, zile nyingine kimyaaa, wiki ya sita nikachoka nikamwaga udongo wote chini ya mti huko nyuma. Baadaye sana napita pale nakuta miche mitatu imejiotea yenyewe! Nilicheka kwa hasira.

Kumbe ndo tabia yake. Mbegu za mwitu zinalala na haziamki siku moja, maana zikiota zote kwa mpigo halafu mvua ikakata basi ukoo mzima umekwisha. Hizi za kulimwa watu wa Meksiko walianza kuzichagua kama miaka 6,000 iliyopita, na mbegu inayochelewa nani ataihangaikia, ndo zikazoea kuota pamoja. Kwa hiyo trei usiitupe, ipe hata miezi mitatu, udongo uwe wa vuguvugu na usikauke. Na ule mti haukuwa bahati tu, kwao zinaota chini ya kivuli cha miti mingine, mche mchanga ukiuanika juani unaukaanga.

Haya, tunda. La mwitu ni dogo kama njegere, limesimama linaangalia juu, likiiva jekundu ukiligusa tu linachomoka. Limeumbwa kwa ajili ya ndege, maana ndege hausikii ule ukali, anameza na kwenda kunyea mbegu mbali zikiwa nzima, panya yeye angezisaga na meno. Sisi tulitaka tunda kubwa lisilodondoka, ndo maana za bustanini nyingi zinaning'inia na kikonyo kimeng'ang'ania mpaka ukate na mkasi. Weka neti mapema bwana, mwaka wa kwanza ndege walivuna zote mimi nikaambulia majani.

Kama unataka mbegu safi usizipande jirani na hoho. Ukali usikudanganye, hizo ni spishi moja, hoho ni ile tu iliyopoteza ukali njiani, nyuki akipita hapo katikati mwakani unavuna machotara.