KKS ianzie kwenye mafungu ya sokoni

Mwalimu, hao watoto wako wanaochanganya KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawa namba zote bila baki) na KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote) usiwaanzishie kanuni, anza na mafungu. Waambie mama wa sokoni Buguruni ana maembe 24 na machungwa 36, anataka mafungu mengi iwezekanavyo, yote yafanane na kisibaki kitu, afu waache wahangaike wenyewe, watajaribu 4, watajaribu 6, mwisho watafika 12, kila fungu embe 2 chungwa 3. Hapo hapo andika ubaoni 24 + 36 = 12(2 + 3), maana hiyo ndo itawabeba sekondari wakikutana na 24x + 36y, wengi huko wanatoa 6 nje ya mabano wanadhani wamemaliza, kumbe ni 12. KDS iache kesho, tumia daladala mbili zilizoondoka pamoja, moja inatoka kila dakika 12 nyingine kila 18, zinakutana tena baada ya dakika 36.