Antena ndefu: paani au kwenye bampa?

Umeuliza antena ya fimbo ya mita 2.6 kwa redio ya 27 MHz ikae wapi. Paani ingetoa mawimbi sawasawa pande zote, lakini gari linafika zaidi ya mita 4 kwenda juu, na nyaya za umeme zinaua. Ifunge kwenye kona ya bampa la nyuma, na springi chini yake; hiyo springi pia inakamilisha urefu kuwa robo ya urefu wa wimbi la redio.

Wengi wanakosea kwenye muunganisho na bodi. Kwangua rangi hadi chuma kitupu pale kishikio kinapogusa, na bampa likiwa la plastiki, vuta waya mfupi mpana wa kusuka hadi chesisi. Kisha pima SWR, yaani kipimo kinachoonyesha nguvu kiasi gani inarudi redioni badala ya kutoka kwenye antena: ikizidi 2, usirushe sauti kabla ya kurekebisha.